"Nzuri" ya Mama

Chapwa, Tunduma
19 Juni 2025

Mpendwa kaka Nsajigwa,

Shikamoo. "Nzuri", neno tunalojibia salamu, si taarifa ya hali ya mtu. Ni adabu anayopewa aliyeuliza, na ukweli, kama upo, hufuata baadaye. Naanza na ufafanuzi huu kwa sababu neno hilo nusura lituponze. Sisi huku ni wazima, na safari hii nimehakiki kabla ya kuandika. Natumaini wewe na wifi Ketrina hamjambo huko Lindi.

Unakumbuka Mama alikutwa na presha mwezi wa pili. Kutoka Ihanda kuja mjini kupima kila wiki kulimchosha. Kwa idhini ya daktari, mfamasia wetu, Mwanakombo, alimpa mashine ya kupimia nyumbani, akawa anampigia simu kila Jumatatu na Alhamisi.

Wiki tatu mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo mama. Presha inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri tu."

Na Mwanakombo akaandika: nzuri.

Pasaka nilikwenda Ihanda, nikaitazama mashine mwenyewe: 178 kwa 104. Nilipomwuliza Mama kwa nini hakusema, alinishangaa. "Mtoto wa watu ananisalimia kwa heshima, nimjibu kwa ugonjwa?" Nilimkumbuka Baba, aliyeangushwa na kiharusi shambani muda mfupi baada ya kumjibu jirani neno hilo hilo.

Mwanakombo hakumlaumu Mama. Alilaumu swali lake. Alimpelekea daktari namba zile, dozi ikabadilishwa. Siku hizi husalimia kwa ukamilifu, kisha husema, "Haya mama, salamu tumemaliza. Mashine imeandika ngapi?" Mama huzisoma namba kwa sauti ya msoma somo kanisani. Ananiambia, "Binti yule hana aibu, ila damu yangu anaijua kuliko nyie niliowazaa."

Leo asubuhi ilikuwa 128 kwa 80, na imekaa karibu na hapo kwa wiki tano. Simu ya Ihanda ikiita, sasa naipokea bila kushtuka. Sikuwa hivyo tangu tumzike Baba.

Mama anawasalimu, na shangazi Ikupa vilevile. Mungu aliyemhifadhi Mama awahifadhi na ninyi.

Barua yako ya mwisho ilisema u mzima wa afya. Una miaka arobaini na sita, na damu ya Baba ni yetu sote. Je, kaka, ulikuwa umepima, au ulikuwa unanisalimu?

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile