Mashine Iliyodhani Una Bunduki

Kinshasa, kambini

Papa wangu,

Nakusalimia wewe na Mama. Mguu unasemaje na mvua hizi? Na Mama, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Mimi ni mzima, hata nimenenepa, ingawa majani ya muhogo, sombe letu, huku wanayaita pondu na wanayapika haraka haraka. Nililalamika, wakaniambia nirudi Kindu nikapike mwenyewe.

Uliniuliza kwenye simu jeshi linanifundisha nini ikiwa siku hizi sishiki bunduki. Nilikwepa, kwa kuwa Mama alikuwa karibu na ungeanza kukasirika mbele yake. Sasa nakueleza vizuri. Tuko darasa zima la askari, wanaume kwa wanawake, kutoka kila jimbo, tunajifunza akili bandia. Kazi yetu ni kuifundisha kompyuta itazame picha zinazopigwa na droni, ile kamera inayoruka, kisha iseme nani amebeba silaha na nani hana. Tunaionyesha picha, tunaipa majibu, inajaribu, inakosea, tunaanza tena. Macho yanauma, lakini kazi hii naipenda, Papa. Asubuhi naingia darasani nikiimba.

Mwezi uliopita mwalimu wetu, Meja, mama mmoja wa Bukavu anayevaa sweta kwa kuogopa kiyoyozi, aliomba kila mtu alete picha za kwao. Nikaweka ile uliyonitumia, wewe na wenzako mnatembea relini na mabaramini begani, vile vyuma virefu vya kuinulia reli. Mashine ikawatia wote alama nyekundu. Silaha. Wewe wa kwanza.

Darasa likacheka. Rafiki yangu Ngalula, wa Kasai, akasema, "Sifa, kumbe papa yako njo mukubwa ya waasi?"

Nilicheka nao, kisha nikashindwa. Nikawaeleza habari za miaka ya vita: ulikuwa unatoka kazini, askari mmoja akaona chuma begani mwako, akapiga risasi kabla ya kuuliza. Ndiyo maana unachechemea. Ndiyo maana siku nilipoondoka kujiunga na jeshi hukunisindikiza. Iliniuma sana siku ile, lakini nilikuelewa.

Meja akaniuliza, "Sasa weye unataka tufanye nini?"

Nikamjibu, "Mukubwa, ile mashini inajua tu kusema ndiyo na hapana. Tuifunzishe kusema sijue. Na ikisema sijue, muntu aende aangalie na macho yake."

Kanali, mkuu wa mafunzo, hakupenda. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake mashine ya haraka, na kwa siku kadhaa nilidhani nitafukuzwa. Meja alinitetea mpaka Kanali akaturuhusu tujaribu. Tangu hapo tunaifundisha kusema sijui, na tunailisha picha za majembe, makasia na mabaramini mpaka tunayaota. Makosa yamepungua, hayajaisha. Ngalula ananiletea chai na kuniita kapita wa reli, kama yule msimamizi wenu.

Juzi Kanali aliniita. Alitaka kujua kama mashine iko tayari kupelekwa kwetu Maniema, ndani ya droni itakayoruka juu ya njia ya reli. Nikamwambia bado.

"Itakuwa tayari siku gani? Kazi haiwezi kutungoja sisi."

"Siku ile papa yangu atapita chini yake na chuma yake ku bega, na mie niko nalala usingizi."

Alivua miwani, akasema niendelee na kazi, na kwamba mashine haitatoka humu mpaka niseme mimi. Nilitoka nimefurahi.

Nisalimie Mama, mwambie apunguze chumvi. Nisalimie mjomba anayechimba dhahabu kule mjini Kama, na dada yangu anayeuza mchele Kibombo. Kwa wenzako wa reli, waambie kuna mtu huku anawajua mmoja mmoja kwa mwendo wao.

Ukikubali kunijibu kwa barua, Papa, andika cheo changu juu ya bahasha. Nitafurahi kukiona kwa mwandiko wako.

Binti yako,
Liutena Sifa