Mbegu Haifaulu

Kasoli, Bariadi
19 Novemba 1995

Mwanangu Stephania,

Salamu. Sisi ni wazima. Mvua imeanza na mama yako ameacha kukohoa. Natumaini nawe u mzima huko Dar es Salaam.

Barua yako imefika. Nimeelewa kwamba umeshindwa mtihani wa takwimu, kwamba utaurudia Februari, na kwamba ukishindwa tena chuo kitakurudisha nyumbani. Umeandika kuwa somo hilo ni gumu "kwangu mimi". Neno moja lingetosha.

Unasema fomula ya mgawanyo wa binomia umeikariri lakini huielewi. Basi hujaisoma. Nilipokuwa nafundisha, mtoto aliyeshindwa kueleza jambo kwa maneno yake nilimrudisha kwenye dawati. Nieleze jambo hilo kwa Kiswahili, bila fomula.

Hapa ushirika hauleti tena mbegu za pamba. Siku hizi kila mnunuzi huja na lori lake na mbegu zake. Huyu wetu anasema zake huota saba katika kumi. Tutapanda wiki ijayo.

Baba yako,
Januarius Luhaga

Dar es Salaam
3 Desemba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama salamu yetu ya mwangaluka. Nimefurahi kwamba kifua kimepoa. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu.

Najaribu, kwa mbegu zako. Kila mbegu ni jaribio, na jaribio lina matokeo mawili tu: kufaulu au kushindwa. Ukitia nne katika shimo, zinaweza kufaulu zote, au tatu, au mbili, au moja, au isifaulu hata moja. Mgawanyo wa binomia unaeleza kila idadi ina nafasi kiasi gani ya kutokea. Mbili zinaweza kuwa ya kwanza na ya pili, au ya kwanza na ya tatu. Ukiendelea utapata njia sita, na zote huhesabiwa. Lakini shimo kuwa tupu kuna njia moja: zote nne zishindwe. Nafasi hiyo haifiki moja katika mia. Katika mashimo mia utaona tupu moja hivi, tena popote shambani.

Daftari langu lina sentensi moja zaidi: "sharti majaribio yasitegemeane." Naiandika kila mara, na sijui imewekwa kwa nini.

Mwanao,
Stephania

Kasoli
4 Januari 1996

Mwanangu Stephania,

Heri ya mwaka mpya. Hatujambo. Mama yako anauliza kama unakula.

Maelezo yako yanasomeka, isipokuwa neno moja. Mbegu haifaulu, mbegu huota. Hufaulu mtu.

La pili, hesabu yako si ya kweli. Tulipanda nne nne. Upande wa barabara mistari imejaa. Upande wa mto mistari mizima haina hata mche. Jirani yetu Masele alisimama mpakani akasema, "Mwalimu, shamba lako limeota kipara." Nilimwambia kwamba kipara hakioti, kinachoota ni nywele. Alicheka akaenda zake, na mistari ikabaki vile vile.

Tunarudishia mapengo kwa mbegu alizotupatia Masele. Mnunuzi bado anaapa kuwa ni saba katika kumi. Nani anaongopa, yeye au fomula yako?

Baba yako,
Januarius Luhaga

Dar es Salaam
18 Januari 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama nakula.

Nadhani mistari ya mtoni ilitoka katika gunia moja, na gunia hilo lilikuwa limelowa. Unakumbuka uliponifundisha darasa la sita? Kwandu na wenzake wawili wa dawati moja waliandika kwamba Ziwa Viktoria liko Dodoma. Ulisema, "Hawa hawajakosa watatu. Amekosa mmoja, wawili wameangalizia."

Mbegu za gunia moja bovu zimeangaliziana, baba. Ikioza moja, jirani zake zimeoza kwa maji yale yale. Mimi nililihesabu kosa moja kana kwamba ni makosa manne, kila moja na mkosaji wake. Fomula haikuongopa. Mnunuzi naye huenda ni mkweli kwa magunia yote kwa jumla, na hili lako likawa bovu.

Ile sentensi ya daftarini sasa naielewa. Mtihani ni mwezi ujao. Sitaandika tena mpaka majibu yatoke.

Mwanao,
Stephania

Kasoli
24 Machi 1996

Mwanangu Stephania,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako ni mzima, na leo sauti yake imefika kwa Masele.

Mistari ya mtoni ilitoka katika gunia moja, lililosimama kwenye ukuta unaovuja. Pamba tuliyorudishia imechelewa, itakuwa fupi. Sina zaidi juu ya hilo.

Telegramu yako niliipokea posta, Bariadi mjini. Karani alisema, "Mwalimu, mwanao mbahili. Katuma neno moja tu." Nilimjibu kwamba hiyo ni sentensi kamili: ina nafsi, ina wakati, ina kitenzi. Nimeikagua njia nzima hadi Kasoli na sikuona kosa.

"Nimefaulu."

Hapo neno hilo limekaa mahali pake.

Baba yako,
Januarius Luhaga