Mwezi Uliogoma Kushuka

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mimi mzima, ila mgongo tu unanikumbusha umri. Magoti yako yanaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Nakuandikia upesi kabla hujaisikia habari hii kwa wengine: ile filamu ya nyimbo na mapenzi anayocheza mwanao, bila mimi kaka yako ingekuwa imezikwa. Niliishia darasa la sita, lakini jana wasomi wote wa studio walikuwa wananitazama mimi.

Kazi yangu unaijua, kupandisha na kushusha vitu kwa kamba. Safari hii nilikabidhiwa mwezi wa mbao, mkubwa kama kitanda. Mwanao anaukalia huko juu akiimba kwamba hamtaki tena mpiga piano. Wimbo ukiisha namshusha taratibu, jamaa huyo wa piano anampokea, wanapatana, basi.

Jana mwongozaji alituambia, tena kwa sauti ya chini, kwamba filamu ya kamera iliyobaki inatosha kupiga picha mara moja tu. Ikiharibika, kila mtu kwao. Na mwanao anajua kwao kuna ile cherehani uliyomwekea. Alinishika mkono, wake baridi kama chuma, akaniomba mjomba wake nisimwangushe. Nikamwambia nimeshawahi kushusha farasi wawili na bwana harusi, hakukohoa hata mmoja.

Wimbo ukaisha. Mwezi haukushuka.

Sauti inarekodiwa, kwa hiyo hakuna anayethubutu hata kumeza mate. Mwongozaji kanitolea macho, kidole chake kinaonyesha chini, chini. Kamera inazunguka. Mwanao, miguu ikining'inia, akanitazama mara moja tu. Kisha mtoto yule, damu yetu ile, akaurudia ubeti wa mwisho polepole, kama anayemwambia mwanamume kwamba akimtaka amfuate. Jamaa akaelewa. Akapanda juu ya piano, viatu na vyote, akajinyoosha, akafikia kidole gumba cha mguu wa mwanao. Akakishika hicho hicho, akaimba mpaka filamu ikaisha ndani ya kamera.

Mwongozaji akakaa chini, akalia kama mtoto. Akauliza nani alibuni jambo lile la mwezi kutoshuka. Wote wakanigeukia. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba mwezi haumshukii mtu, mtu ndiye huupandia. Leo mwanao kapewa mkataba wa filamu nyingine, nami natakiwa kuketi karibu na mwongozaji, nibuni mengine.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka, maana sina la kubuni. Wewe peke yako nakwambia. Asubuhi ile ndoano ya kamba ilikatika, nikaifunga kamba kwa mkanda wangu wa suruali. Suruali yenyewe alinipa yule jamaa anayecheza mpiga piano, kiuno chake kinaenea watu wawili. Kufungua lile fundo kulitaka mikono miwili.

Msalimie shemeji, na jirani aliyesema sitafika popote. Akija mtu huku, mpe mkanda aniletee.

Ni mimi kaka yako,
Bwana Kamba

Mkono mmoja, dada, ulikuwa umeshika suruali. Fundi wa mavazi, yule mjane niliyekuandikia habari zake, alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu.