Nilikuwa Darasa la Ngapi Mama Alipokoma Hedhi

Shule ya Msingi, Busunzu
Kibondo

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako je, limekuachia? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii, ndiyo maana hata salamu nazikatisha.

Afadhali umemaliza kisomo cha watu wazima. Zamani, barua zako zilipokuwa zikisomwa na mwalimu wa chuo cha Kurani mbele ya baraza zima, nisingethubutu kuandika haya. Isome peke yako, chumbani.

Huu ni mwaka wa tatu nafundisha huku kwenye baridi na maharage, mume wangu Shabani yuko kazini Mtwara. Tulikubaliana tusizae mpaka serikali ituweke pamoja. Jirani yangu, Mama Yoramu, hunitania kila tukienda kuchota maji: "Yoo, mwalimu! Mume wa barua atakuzalisha lini?" Nilikuwa nacheka naye. Juzi sikucheka. Siku zangu zimeanza kuja mbiombio, hata siku ishirini hazifiki, kisha zikaruka mwezi mzima.

Nikaenda kwa mganga wa hospitali, Kibondo mjini. "Mwalimu," akasema, "mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Hatengenezi mengine. Hupungua tangu utotoni, na wengine yao huisha mapema." Nikamwambia nina miaka thelathini na nne tu! Akasema hana kipimo cha kuyahesabu, ila niulize mama alikoma hedhi lini, maana mara nyingine binti humfuata mama.

Mama yuko kaburini, na hata angekuwa hai nisingemwuliza neno hilo. Nimebaki na wewe. Miaka najua hatukuiandika, basi niambie nilikuwa darasa la ngapi. Nakumbuka nikiwa la nne ndipo mlipoanza kusema mke mwenzake, Bi Mdogo, kamfunga mama kizazi kwa uchawi. Kama ni hapo, mama alikuwa hajafika umri wangu huu. Naogopa, shangazi. Naogopa kweli.

Shabani anaandika nivumilie, uhamisho uko njiani. Sivumilii. Shule ikifungwa tu nadandia lori mpaka Kasulu, nishuke Kigoma kwenye treni, na sitatua mzigo mpaka nimfikie.

Nisalimie baba na wadogo zangu wote. Na Bi Mdogo, ambaye tangu siku zile nyumba nzima hatumpi mkono, mwendee kabla hujanijibu. Mpe mkono, wako na wangu.

Mwanao,
Zaina