Balifunika laser na kikwembe

Adeline, soma yote kwanza, usinijibu.

Balifunika laser. Na kikwembe. Kikwembe ya maua, ile kitambaa bamama banajifungaka.

Unajua ile boîte ya laser, kisanduku tuliweka juu ya nyumba ya papa Asumani kule Lubunga, yenye inatuma internet na mwangaza mpaka Makiso, ngambo ingine, inapita juu ya mto bila câble. Leo patron, mukubwa wetu wa kazi, alileta bageni Makiso kuwaonyesha. Connexion ikakatika mbele yao. Akanipigia, akanikaripia, nikaruka ndani ya pirogue, mutumbwi ya kuvuka.

Nafika, naona kikwembe. Imefungwa na kamba, vizuri kabisa.

Papa Asumani, mutu ya heshima vile, ananiambia: "Kyakimwa, mutoto yangu, drone ya vita inafuataka mwangaza. Batoto banalala humu."

Nikamwambia, papa, mwangaza hii haionekanake na macho. Hata usiku hutaiona.

Sikia jibu. "Ile ya kuonekana tungeikimbia. Hii yenye haionekane, tutaikimbia namna gani?"

Tutaikimbia namna gani. Miaka yote nilisoma mambo ya laser, na hii swali hakuna mwalimu aliniuliza. Na patron iko anapiga simu tu, anauliza kama nalala.

Nikapanda ngazi kufungua kamba. Hapo kitu ikaanza kunguruma karibu, sawa drone. Kumbe groupe électrogène, jenereta ya jirani, alikuwa anaiwasha.

Sasa uliza nani alikimbia wa kwanza kuingia ndani ya nyumba.

Ni mie, Adeline. Nilimupita hata papa Asumani.

Na kikwembe iko palepale.