Andazi la Veronika

Kasulu, Jumapili, 2 Novemba 2014

Mvua imeanza kabla ya jogoo na mpaka sasa haijaona aibu. Maharage niliyopanda juzi yameoga vya kutosha. Mwilini sina neno. Moyoni nimetulia kuliko nilivyotegemea.

Mimi nasema, mkamwana wangu Edina anaandika. Shule sikuiona, lakini akimaliza lazima anisomee, na akitia chumvi yake namwambia afute.

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Leo pia nimeanua matanga ya binti yangu Veronika, ambayo nimeyakalia tangu mwaka juzi.

Ndiyo, nimeyakalia. Veronika alipofariki tulimzika kesho yake, kama tunavyozika, na mwanawe wa pekee, Konsolata, alikuwa Ekwador, huko Amerika ya Kusini. Ni sista. Shirika lake lilimpeleka kutunza wazee. Hakuwahi. Kwenye ukoo wetu, siku ya kuanua matanga watoto wa marehemu wanakula chungu kimoja na wananyolewa, ndipo nyumba inaruhusiwa kucheka. Nikasema, bila Konsolata hakuna kunyoa. Wanangu wakanung'unika.

Aliyebanwa zaidi ni mkwe wangu Zabroni. Mgane haoi kabla matanga hayajaanuliwa. Kuna mama mmoja Rungwe Mpya, mjane mwenye adabu, anamsubiri. Zabroni hakuwahi kunilaumu. Anachemsha maharage yake mwenyewe, yanaungua, anakula. Ukipita mlangoni kwake unanusa subira.

Wiki iliyopita zikaingia picha kwenye simu ya Edina. Konsolata yuko mji unaoitwa Tulcan, juu milimani kwenye baridi, mpakani na nchi nyingine kama Munanila yetu ilivyo mpakani na Burundi. Watu husafiri kwenda kuyatazama makaburi ya mji huo. Wamepanda miti, wakaikata kwa mkasi ikawa milango, ndege, na nyuso za watu wenye pua kubwa. Niliitazama sana. Nikamwambia Edina, kumbe huko msiba ukifika wananyoa miti.

Konsolata anasema leo nchi yao nzima haifanyi kazi, hata serikali inafunga. Watu wanabeba chakula mpaka makaburini, wanakaa hapo hapo juu ya kaburi, wanakula na kumpa marehemu habari za mwaka. Wanakunywa uji wa moto wa rangi ya zambarau, wa mahindi meusi na matunda. Halafu wanaoka mikate yenye umbo la mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo, macho na vifungo vya sukari.

Nikasema huo ni ulafi.

Ndipo ikaja sauti yake. "Bibi, kuna mama mzee hapa ameniazima ukingo wa kaburi la mumewe. Anasema mama yangu anaweza kukaa hapo na sisi. Niende? Au nitakuwa nimemzika mara mbili?"

Hakulia. Hilo ndilo lililonisumbua. Tangu mama yake afe sijamsikia akilia. Akipiga simu ananiuliza habari za mbuzi.

Nilikwenda na swali lake shambani, nikalima nalo. Nilikuwa namngoja arudi ndipo alie, lakini wakubwa wake wamesema bado miaka. Mtoto hawezi kulia kwenye msiba ambao haujamfikia. Basi umfuate huko aliko.

Jioni nikamjibu: "Nenda, mwana wanje, mwanangu. Kula. Na sisi tutakula saa hiyo hiyo. Matanga tunayaanua pande zote mbili."

Zabroni alikuwa amesimama pale. Alisema "Asante, Mama," akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma.

Ule mkate wao sisi hatuna. Jana nikaenda kwa Bi Shani, mtu wa Tanga, anakaanga maandazi karibu na stendi. Nikamwonyesha picha.

"Bibi wee! Mtoto nimuumbe mimi? Kuumba kazi ya Mungu."

"Basi kaanga andazi. Jina nitampa mimi."

"Hapo sawa. Ila akitoka ana pembe, usirudi hapa na ukoo wako."

Akakata unga, akatia kichwa, mikono, akabana shingo vizuri. Alipolitumbukiza kwenye mafuta likavimba. Mikono ikazama tumboni, shingo ikapotea kabisa.

Leo tulipoliweka sahanini, Edina akasema, "Mtoto gani huyu, hana shingo!"

Zabroni akainamia sahani, akasema, "Veronika mtupu."

Wote wakanitazama.

Nikacheka. Ni kweli, mwanangu hakuwa na shingo. Nilimzaa hivyo hivyo.

Jioni, ambayo kwa Konsolata ni asubuhi, tumekaa kaburini nyuma ya migomba, turubai juu ya vichwa. Ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na chai nyekundu ya rozela badala ya uji wao. Bi Shani naye amekuja, amekula. Nimempa Veronika habari: mbuzi amezaa, paa linavuja upande wa jikoni, mumeo ana mtu Rungwe Mpya, kama una neno sema sasa. Hakusema. Tukamkata yule wa andazi, tukagawana. Kisha wembe, mimi wa mwisho. Kichwa kinapata baridi.

Simu ikalia tukiwa bado pale.

"Bibi, nimenyoa na mimi. Chini ya shela hakuna atakayejua."

Halafu akalia. Alilia sana. Niliishika simu sikioni, sikumwambia nyamaza. Mtoto akilia msibani haambiwi anyamaze.

Sasa Zabroni anaosha vyungu. Kesho mvua ikikatika aende Rungwe Mpya. Nimemwambia avae shati la bluu. Lile jingine lina tundu kwapani, na mama yule ana macho.