Kyakimwa Mbele ya Jury

Butembo, tarehe 9 mwezi wa saba 2002

Yaya Phinées, kaka yangu mupendwa,

Nakusalimia wewe, mama Gracieuse na batoto bote hapo Beni. Muko muzima? Mugongo wako umepata nafuu? Tulisikia masasi ya bunduki yalilia tena upande wenu, tukakosa amani, mais dereva wa camion alitupa habari kwamba mutaa wenu ulikuwa kimya. Tukamushukuru Mungu. Sisi hapa tuko salama, baridi ni ile ile, na atelier yangu ya kutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, inaendelea vizuri. Wasingya, aksanti sana, kwa ile kakao ulituma.

Yaya, furaha inanishinda. Kyakimwa amepita! Bibi yangu, kwa umri wa miaka makumi ine na moja, amepata licence yake ya filosofia, diploma ya université, na jury ya baprofesseur imemupa grande distinction, alama ya juu kabisa. Muji muzima uko unazungumuza.

Siku moja uliniuliza filosofia ya mwanamuke ni kitu gani, kama si kubishana na bwana. Leo niko na jibu. Miaka sita Kyakimwa alienda sokoni kila siku ya soko, akakaa na bale bamama benye banabeba muzigo kwa mugongo, mukanda kwenye kipaji cha uso, akaandika maneno yao. Ulizo lake lilikuwa moja: magunia ni yale yale, kilima ni kile kile, donc nani alikata shauri kwamba mwanaume apate chukudu na mwanamuke apate mukanda? Alikuja hata kwangu katika atelier, akaniuliza kama katika miaka kumi na tano nilishatengenezea mwanamuke chukudu. Nikacheka, nikasema hapana hata mumoja mwenye alikuja kuomba. Akaniuliza: “Na wewe, ulishauliza nani?” Nikarudilia randa yangu.

Soutenance yenyewe, siku ya kutetea kazi yake mbele ya jury, iliahirishwa mara tatu, sababu professeur mumoja alikuwa Kisangani na vita ilifunga njia. Mwishoni alizunguka kwa ndege ndogo mupaka hapo kwenu, akapanda camion, akafika hapa na matope mupaka magotini. Salle ilijaa. Bamama ba sokoni balikuja na mikanda yao mukononi, bakakaa mbele kabisa, batu ba bureau bakasimama nyuma.

Professeur Ananie wa jury, yule mwenye sauti kubwa, akamubana. Akasema Mungu mwenyewe alimupa mwanamuke mugongo wa kubeba, na kwamba ushahidi uko wazi, bamuangalie tu kwenye kipaji. Kyakimwa hakukasirika. Alimuomba mama Jokébed, mumoja wa bale bamama ba sokoni, asimame, akamwita professeur aje aguse ile alama kwenye kipaji chake, yenye imezama kama njia ya maji. Akauliza kama mama alizaliwa nayo. Mama Jokébed hakungojea kupewa ruhusa. Akasema kwa sauti kwamba alikuwa na miaka saba, na siku ile alifungwa mukanda wa kwanza, njo siku ile pacha yake mwanaume alipelekwa masomoni.

Njo Kyakimwa akasema: “Munatuwekea alama kwa kazi, kisha munaisoma munasema ni Mungu aliandika.”

Yaya, professeur Ananie akaondoa miwani, akacheka, akaanza yeye mwenyewe kupiga makofi! Vigelegele vilisikika mupaka kwa barabara. Kwa mulango mama Jokébed akanishika koti, akaniambia anataka chukudu yenye mukono mufupi, na nisimucheleweshe.

Sasa Yaya, kuna neno lingine. Kaa chini.

Wakati wa kutoa shukrani, Kyakimwa alisema mbele ya bote kwamba basoda balibeba madaftari yake ya kwanza mwaka wa 96, na kama si bwana yake kumutia moyo, hangeanza tena. Batu bakageuka, bakanipigia makofi. Nikatamani dunia inimeze.

Kweli ni hii. Kisha sisi kukimbilia mashambani, mimi njo nilirudi wa kwanza. Basoda balibeba radio, magodoro na mbuzi. Madaftari, hapana. Yalikuwa saba, yamekanyagwa chini. Nikakumbuka vile uliniambia, kwamba bibi mwenye anaandika mambo ya nyumba ataniharibia jina. Nikayachoma nyuma ya jikoni. Kisha nikamwambia basoda baliyabeba, nikamubembeleza akilia.

Sasa, asubuhi ya siku ya pili kisha ile soutenance, nilimwambia yote, chai ikapoa. Akauliza: “Uliyasoma mbele ya kuyachoma?” Nikasema kurasa kidogo. Akaniwekea daftari mupya na kalamu, akasema: “Andika yenye unakumbuka.” Niliandika mupaka saa sita, nikajaza ukurasa mumoja tu. Aliusoma, akasahihisha maneno mbili, akauchunga. Akasema kusamehe si kazi ya siku moja, na hapana kumuharakisha.

Mais ameniwekea sharti. Tarehe 15 mwezi wa munane, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, atazungumuza katika salle ya parokia yenu, na mimi njo nitasimama wa kwanza, niseme nilichoma, na niseme nani alinishauri. Nimekubali. Utashangaa, Yaya: tangu siku ile ninaimba nikifanya kazi.

Kwa hiyo nimekuandikia mapema, usisikie mara ya kwanza mbele ya batu. Jina lako nitalitaja. Nakuomba usisafiri siku ile. Kyakimwa anasema utawekewa kiti cha mbele.

Salimia mama Gracieuse, na mutoto wenu Kitsa, na bote benye banatuuliza. Mungu abachunge kwenye njia hizi mupaka tuonane.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Malachie